Mashine ya majani ya zamani (Briggs): kamba inarudi kwa nguvu, fundi anasema injini imekufa

Dada wa Kihesa

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba msaada kwa wanaozijua injini ndogo.

Nina mashine ya kukatia majani, ile ya kusukuma kwa mkono, yenye injini ya petroli juu. Ilikuwa ya baba mdogo, aliitumia miaka mingi kule Mufindi. Siku moja ilikanyaga kisiki cha mkaratusi kilichojificha kwenye majani, ikazimika hapo hapo na haijawaka tena. Ikaingia bandani, kuku wakawa wanaitagia pembeni. Sasa nimeanzisha kituo kidogo cha watoto hapa Iringa, uwanja ni mkubwa, na kila mvua zikianza nalipa vijana wa fyekeo mpaka nachoka. Nikaikumbuka.

Nilimwita fundi wa pikipiki wa hapa mtaani. Akatoa kisu cha chini ili tusijikate, akaweka plagi mpya na petroli mpya, akavuta kamba. Ile kamba ikamnyang'anya mkono, nusura imvunje kiwiko. Akajaribu tena, ikakohoa moto kwa kupitia kabureta. Moto kwenye plagi upo, nimeuona kwa macho, wa bluu kabisa. Baada ya hapo akasema injini imekufa, nitafute mpya ya Kichina, yeye ataifunga.

Kwenye bati la juu kumegongwa namba 92902, halafu nyingine mbili, ya mwisho inaanza na 7906. Pistoni haijaganda, inazunguka vizuri tu.

Nina spana za kawaida, bisibisi, koleo, na mume mwenye subira. Je, kuna cha kuokoa hapa au niitoe kwa wanunua vyuma chakavu?

Mzawa Halisi

Nunua mbuzi wawili dada. Hawahitaji plagi.

Dada wa Kihesa

Mbuzi walishakula nguo za watoto kwenye kamba, tumeachana.

Babu Spana

Marahaba binti. Usiiuze. Nimeshika injini za aina hiyo tangu nilipokuwa karakana ya shamba la chai, na hapa Tukuyu ambako majani hayajui kiangazi ninayo moja inayonilisha. Uliyoyaeleza si dalili za injini iliyokufa. Injini iliyokufa hainyang'anyi kamba, inakaa kimya.

Tuanze na hizo namba, maana fundi wako hakuzisoma. 92902 ni Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza 1908. Ile 9 ya mwanzo ni ukubwa wa silinda kwa inchi za ujazo, kwa vipimo vyetu ni kama sentimita za ujazo (cc) 148. Namba inayoanza na 7906 ni tarehe ya kuzaliwa: 1979, mwezi wa sita, na tarakimu mbili zinazofuata ni siku yenyewe. Nakusumbua na tarehe kwa sababu moto wa kielektroniki waliuleta 1982. Yako ni ya kabla, kwa hiyo chini ya flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku juu ya injini, utakuta pointi (swichi ndogo ya kukatia moto) na kondensa yake kama kwenye magari ya zamani.

Sasa kisu. Hapa ndipo niliposhtuka. Flaiwili ya injini hiyo ni ya alumini, nyepesi mno. Waliotengeneza walijua kwamba chini kutakuwa na kisu kizito cha chuma kinachozunguka pamoja na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na kile kisu ndicho nusu ya flaiwili. Ukikitoa, krenki inakosa uzito wa kuivusha pistoni juu. Moto unapiga pistoni ikiwa bado inapanda, inageuzwa nyuma, na wewe uliyeshika kamba ndiye unayelipa. Kisu kilicholegea nacho hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitu kingine chochote, rudisheni kisu na mkikaze vizuri. Na kila mnapoingiza mkono chini, waya wa plagi uwe umechomolewa na kufungwa mbali. Injini hizi huwaka zenyewe kwa kuzungushwa kisu tu, na vidole havina spea.

Lakini kisu peke yake hakielezi kwa nini ilizimika kwenye kisiki. Hapo namshuku mwingine: kii ya flaiwili. Ni kipande kidogo cha madini laini kinachokaa kwenye mfereji kati ya krenki na flaiwili. Kazi yake ni kuionyesha flaiwili mahali pa kukaa ili sumaku ipite kwenye koili, ile inayozalisha moto wa plagi, kwa wakati wake. Ni kama fyuzi: kisu kikigonga kisiki krenki inasimama ghafla, flaiwili bado inataka kwenda, kii inakatika na krenki inapona. Ikikatika nusu tu, flaiwili inahama milimita moja au mbili, na hiyo inatosha. Moto utauona wa bluu, mzuri, ila unakuja wakati si wake. Ndiyo maana inakohoa kwenye kabureta.

Kufungua: toa lile bati la juu lenye kamba. Katikati ya flaiwili utaona kitu cha mviringo chenye mabawa, ndicho nati yake. Kwenye injini hii kinafunguka kama nati ya kawaida, kinyume cha saa. Kuna chombo chake maalumu, wengi hatuna, tunakigonga bawa kwa kipande cha mti mgumu na nyundo, taratibu. Flaiwili ishikwe kwa mkanda wa ngozi au kamba nene ikizungushwa pembeni. ASITOKEE mtu wa kuchomeka bisibisi kwenye mapezi ili kuizuia. Mapezi ndiyo feni ya kupozea injini, nayo yanakatika kama biskuti.

Nati ikilegea usiitoe yote, iache iwe sawa na ncha ya krenki ili kulinda uzi. Mume ainue flaiwili kwa bisibisi mbili pana zikikaa pande mbili zinazotazamana, zikiegemea mahali pagumu, wewe gonga nati kwa mti juu yake. Itaruka. Sumaku usizigonge kwa nyundo, zinapoteza nguvu.

Ukishaiona kii, rudi hapa na picha au maelezo. Na hapo hapo, kwa kuwa umeshafika, fungua kile kikopo cha pointi. Injini ikikaa muda mrefu pointi hufanya ukungu wa kijivu ambao umeme mdogo haupiti. Pitisha kipande cha kadi ngumu katikati yake, halafu kitambaa chenye tone la petroli. Uwazi wake zikifunguka mpaka mwisho ni milimita 0.5. Usipake grisi.

Wakati wa kurudisha koili, kati yake na sumaku kuwe na nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25. Kama huna fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, tafuta kadi nyembamba, hata zile za kuomba mchango wa harusi ambao hukutoa. Ibane katikati, acha sumaku ivute koili, kaza, kisha ichomoe.

Nati ya flaiwili kaza kwelikweli. Kiwandani wanasema kama nyutoni mita 75, maana yake mtu mzima na spana ndefu. Kinachoishika flaiwili ni ule msongo wa shimo lililochongoka juu ya krenki, kii haibebi mzigo. Pakiwa na mafuta au kutu hapo, pafute pakauke kabla ya kuifunga.

Kabureta tutaizungumza ukirudi. Usibadilishe kila kitu kwa wakati mmoja, hutajua kilichoponya.

Dada wa Kihesa

Babu, Mungu akuweke. Tumefungua leo baada ya misa.

Chini ya bati tulikuta kiota cha panya, kikavu, kimejaza mapezi yote ya silinda. Flaiwili ilitoka kwa ule mtindo wa bisibisi mbili. Kii ipo, ila imekatwa karibu nusu na imejikunja, mfereji wa juu na wa chini haulingani tena hata kwa jicho langu la ualimu. Pointi zilikuwa za kijivu kama ulivyosema. Tumezisafisha.

Tatizo: nimempelekea fundi wa leth (mashine ya kuchongea vyuma) hapa mjini, akasema atanichongea kii ya chuma kigumu, "isikatike tena maisha". Bei yake ni ndogo. Nikubali?

Babu Spana

Hapana, hapana, hapana.

Huyo fundi ana mkono mzuri na nia njema, ila atakuulia krenki. Kii ya chuma haitakatika, ni kweli, kwa hiyo kisiki kijacho kitatafuta kitu kingine cha kukunja. Kitakunja krenki, au kitapasua kitovu cha flaiwili. Krenki iliyopinda inatetemesha mpaka mikono inakufa ganzi, inakula oili sili (mpira unaozuia oili isivuje), na kunyoosha kwake ni kubahatisha tu.

Akuchongee ya alumini. Mpe mfereji aupime, iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba bila kuchezacheza. Ukimwagiza mtu wa Dar akatafute ile halisi Gerezani, kwenye maduka ya spea, bora zaidi. Chukua na ya akiba, uifunge kwa selotepu ndani ya mpini.

Hicho kiota cha panya nacho si jambo dogo. Injini hii haina maji, inapozwa na upepo wa flaiwili peke yake. Ukiiwasha imezibwa hivyo, nusu saa tu hedi (kifuniko cha silinda) inajipinda. Toa kila unyasi kwa kijiti na brashi. Na karibu na flaiwili kuna bawa jembamba lililounganishwa na kispringi hadi kwenye kabureta. Hilo ndilo gavana: upepo ukizidi linajisukuma na kupunguza mafuta. Lichezeshe kwa kidole, lazima liende na kurudi bila kukwama. Kama panya amelikwamisha, injini itapanda mizunguko mpaka ipasuke. Kile kispringi msikivute wala msikikunje ili "iongeze nguvu". Vijana wengi hufanya hivyo, na kisu kikienda kasi kuliko kilivyopangiwa sitaki kusimulia.

Sasa kabureta. Yako imekaa juu ya tangi, imefungwa kwa skrubu. Ukiinyanyua utaona mirija miwili, mrefu na mfupi. Mrefu unavuta petroli kutoka chini ya tangi na kuijaza kwenye kikombe kidogo kilicho juu ya tangi hilo hilo, mfupi unakunywa kwenye kikombe. Pampu yenyewe ni kiwambo, diaframu, kinachotikiswa na mvuto wa injini. Kikikauka na kujikunja, injini inapata mafuta ya sekunde chache tu kisha inakufa. Inyanyue polepole, kwenye baadhi ya hizi kuna kispringi chini ya diaframu kinachovuta choki, kikiruka nyasini hukioni tena.

Diaframu usiikate kwenye tyubu ya baiskeli. Najua mtaani wanafanya. Mpira ule ukikaa kwenye petroli unavimba na wiki ijayo umerudi pale pale. Agiza yake.

Osha mirija na vichujio vyake kwa petroli safi na mswaki. Vitundu vidogo vipitishe unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, chuma kinapanua tundu. Tangi lioshe mpaka ile harufu ya rangi ya zamani iishe.

Kuna skrubu moja ya kuchanganya mafuta na hewa. Ifunge taratibu mpaka ikae, bila nguvu, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo itawaka. Ikishapata moto ifunge kidogo kidogo mpaka injini ianze kulegea, kumbuka mahali, ifungue mpaka ianze kunguruma vibaya kwa upande wa pili, halafu rudi katikati. Ninyi Iringa mko juu, zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, kwa hiyo msishangae ikiridhika ikiwa imefungwa zaidi kidogo ya wenzenu wa Tanga.

Mrift wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Naongezea moja tu kuhusu kutu, kwa sababu hiyo sahani ya chini lazima imeliwa.

Mimi vyuma vidogo vyote, bolti, kisu, ekzosi, huwa nafanya na magadi, ile ile ya kupikia maharagwe kutoka Ziwa Magadi. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya magadi. Chuma chenye kutu naweka kwa waya hasi wa chaja ya betri ya gari, na kipande kingine cha chuma kisicho na kazi kwa waya chanya, visigusane. Acha usiku. Asubuhi kutu imekuwa tope jeusi unaifuta na brashi, na chuma chenyewe hakijapungua. Fanya nje, inatoa gesi inayoshika moto. Na hicho kipande cha upande wa chanya usitumie stainless, maji yake yanakuwa sumu.

Babu Spana

Mrift ameongea vizuri, mimi nilikuwa naparua kwa brashi ya waya siku nzima. Ila dada, soma hii mara mbili: magadi inakula alumini. Hedi, flaiwili, bloku, mwili wa kabureta, vyote hivyo havitakiwi kuiona hiyo ndoo. Chuma tu. Kampuni hii ilianza kutengeneza bloku za alumini 1953, ndiyo sababu mashine zao unaweza kuzibeba peke yako, na ndiyo sababu pia haziogeshwi hovyo.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, na mapezi usiyapake. Mimi mwenyewe sipaki. Mashine ikisimama imeng'aa uani watu wanaanza kuiazima.

Dada wa Kihesa

Mrejesho kwa wote.

Kii ya alumini imechongwa, imeingia kwa kidole gumba. Yule fundi alinung'unika, akasema ikikatika nisirudi kwake. Diaframu imekuja na basi kutoka Dar, ya zamani ilikuwa imekakamaa kama chapati ya juzi. Kisu tumekinoa, mume akakiweka juu ya msumari ukutani kuona kama kinalalia upande mmoja, akasaga upande mzito mpaka kikatulia. Oili ya zamani ilitoka kama lami, tumeweka SAE 30.

Imewaka. Kamba haikunirudisha hata kidogo, niliivuta mimi mwenyewe. Watoto walikimbilia upande wa pili wa uzio.

Ila inatoa moshi wa bluu, mwingi mwanzoni, sasa umepungua lakini haujaisha. Mume anasema ni ringi za pistoni, tufungue injini yote. Nami naogopa kufungua kitu kinachowaka.

Babu Spana

Uoga wako una akili. Msifungue.

Kwanza mmeweka oili kiasi gani? Hiyo inakunywa kama lita 0.6 tu, na watu wengi wanamimina chupa nzima ya lita kwa sababu ndivyo inavyouzwa. Ikizidi lazima ivute moshi. Pili, je, mliilaza upande wa kabureta wakati wa kufunga kisu? Oili inaingia kwenye silinda na kwenye ekzosi, inachukua muda kuungua. Siku nyingine ilazeni kabureta ikitazama juu.

Kupima kompresheni hakuna haja ya geji, na kwa injini hizi geji hudanganya, kwa sababu kemu yake, ule mhimili unaofungua valvu, inaiacha valvu ya kuingizia wazi kidogo wakati pistoni inapanda, ili kamba iwe nyepesi kuvuta. Fanya hivi: ikiwa imezimwa, waya wa plagi umechomolewa lakini plagi yenyewe imo, toa bati, shika flaiwili uizungushe kwa nguvu kinyume cha saa, yaani kinyume na inavyozunguka ikiwaka. Ikigonga kompresheni ikakurudishia mkono kwa ukali, ringi na valvu ni nzima. Ikipita kwa uvivu, bila kurudi, hapo tutazungumza habari za kusaga valvu.

Dada wa Kihesa

Tuliweka lita nzima 😅

Tumepunguza mpaka kipimo chako. Flaiwili ilimrudishia mume mkono mpaka akalalamika. Leo nimekata upande wote wa bembea, moshi umeisha kabla sijafika kwenye mwembe.

Fundi wa pikipiki amepita, akasimama getini, akauliza kama nimeweka injini ya Kichina. Nikamwonyesha ile namba ya 7906. Sasa anataka nimuuzie.

Mzawa Halisi

Mwambie anunue mbuzi.